Si Kila Uvimbe ni wa Kawaida

Mjamzito wa Biharamulo anaporudi kutoka shambani miguu imevimba, majirani humwambia ni hali ya mimba tu. Mara nyingi wako sahihi. Kichefuchefu, kiungulia na maumivu ya mgongo huwapata wengi. Kula kidogo kidogo na kulalia ubavu huleta nafuu.

Lakini uvimbe ukifika usoni na mikononi, kichwa kikauma bila kuachia na macho yakaona ukungu, hilo ni jambo jingine; huenda shinikizo la damu limepanda. Shinikizo la damu la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 laweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na kulipima ni kazi ya dakika chache.

Malaria nayo haijaondoka Kagera. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma; mama asiye na homa huweza kuishiwa damu na kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Ndiyo maana kliniki hutoa chandarua, dawa ya SP ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu.

Kutoka vijiji vya mpakani mwa Ngara hadi Hospitali ya Murgwanza ni safari. Damu ikianza kutoka usiku, familia isingoje kupambazuke.