Nilipousikia Ulimi Wangu

Safari hii sikuja kuzungumza juu ya chanjo wala uji wa lishe. Nimekuja na habari ya ulimi, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Kabla ya mapambazuko aliletwa kwa pikipiki mama aliyejifungulia nyumbani. Mtoto alikuwa mzima, amevingirishwa vizuri mikononi mwa bibi yake. Lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka tangu usiku wa manane, na damu ilikuwa imelowesha kanga mpaka kwenye kiti cha pikipiki. Anayeifahamu kazi hii anaifahamu hofu yake: mwanamke mwenye afya njema kabisa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Tulimwekea dripu mikono yote miwili, tukamchoma oksitosini ili mfuko wa uzazi ukaze, daktari akalitoa kondo kwa mkono, na shemeji yake akajitolea damu. Mungu alisaidia, akapona.

Siku ya pili nilimwendea kitandani na kadi yake ya kliniki mkononi. Kliniki alikuwa amehudhuria mara nne na mafundisho yote alikuwa ameyapata. Basi nikaanza kama kawaida yangu: "Wewe mama, ulitaka kufa? Hospitali si ilikuwa hapa hapa?"

Alinyamaza kitambo akiutazama ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: "Sista, uzazi wa kwanza nilikuja hapa hapa, nikakukuta wewe. Ukaishika kanga yangu ukawaonyesha wenzako, ukauliza kama kwetu tunavaa magunia. Safari hii sikupata fedha ya kanga mpya."

Sikumkumbuka. Hata leo nikijaribu sikumbuki uso wake wa mara ile ya kwanza, wala kanga yenyewe. Neno lililotaka kumwua mwanamke mwenzangu halikukaa kichwani mwangu hata siku moja. Yeye alilibeba miaka miwili.

Kioo cha nyumbani

Ningependa kuwaambia kwamba nilitubu siku ile ile. La hasha. Nilirudi nyumbani nikijitetea moyoni kwamba ana maneno mengi, na kwamba watu hawajui shida zetu wauguzi.

Jumamosi ya juma hilo nilikuwa nimelala baada ya zamu, dirisha la chumbani limetazamana na uani. Nikasikia mtu akifoka: "Unaniangalia nini? Si nakuuliza wewe! Mtu mzima hujui hata kukunja nguo?" Nikadhani ninaota, kwa maana sauti ile ilikuwa yangu. Nikachungulia. Alikuwa binti yangu wa miaka saba, mikono kiunoni, amesimama mbele ya dada wa kazi aliyempita umri kwa miaka kumi na zaidi. Na dada yule aliinamisha kichwa vile vile alivyokuwa akikiinamisha mbele yangu.

Mtoto hakuyasikia maneno yale shuleni. Wodini nilikuwa nikiyatumia kwa wazazi, na nikitoka zamu niliyabeba pamoja na mkoba wangu mpaka jikoni. Hapo ndipo nilipokaa kitandani nikalia.

Tuseme ukweli kuhusu visingizio, kwa sababu najua msomaji mwingine anavyo vyake. Changu kilikuwa uchovu, na hakikuwa cha uongo. Kuna usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa akina mama kumi na wanane, wengine wakilala wawili kitanda kimoja. Lakini nikakumbuka jambo lililonivua nguo: katika usiku kama huo huo aliletwa mke wa mkubwa mmoja wa wilaya, na sauti yangu ikawa asali. "Karibu mama, pole sana mama, jiegemeze hapa." Miguu ilikuwa ile ile iliyovimba, na tumbo lile lile lenye njaa. Kumbe kauli ilikuwa hiari yangu. Nilikuwa nachagua wa kumfokea, na aghalabu nilimchagua asiye na mtu wa kumsemea.

Jiulize nawe, mama. Unayemfokea mtoto wako kwa sababu "una hasira za kuzaliwa", je, mchungaji akibisha hodi katikati ya makelele hayo, sauti hushuka au haishuki?

Daftari la mfukoni

Nilinunua daftari dogo la shilingi mia mbili, likaenea katika mfuko wa sare. Kila nilipomtolea mtu neno kali, nyumbani au kazini, niliandika saa, niliyemwambia, na kilichotangulia. Sikujaribu kujirekebisha kwanza. Nilitaka kumjua mtu ninayeishi naye, ndiye mimi.

Baada ya majuma mawili nilisoma na kushangaa. Makali mengi yalitoka nikiwa sijala, au saa za mwisho za zamu. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba mara nyingi mno nilikuwa nimeogopa. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yamepungua, daktari hapatikani, mama hasukumi: nafoka. Mwanangu amechelewa kurudi na giza limeingia: akifika tu, nafoka badala ya kumkumbatia. Ilikuwa hofu imevaa nguo za hasira. Nikajifunza pia ishara zake mwilini. Taya hukaza, mabega hupanda, moyo huenda mbio. Ni adrenalini hiyo, kichocheo ambacho Mungu alikiweka tuweze kukimbia hatari au kupambana nayo. Ukiijua ishara unapata nukta moja kabla ulimi haujatoka, na nukta moja yatosha.

Tena adrenalini hiyo hiyo humpanda na yule anayefokewa. Uchungu wa uzazi unasukumwa na oksitosini, kichocheo ambacho pia huyaachilia maziwa kifuani. Mama akitishwa, adrenalini hupanda na kuzuia kazi hiyo, na uchungu waweza kulegea na kuchelewa. Kwa hiyo mkunga anayefoka ili mtoto atoke upesi anaifunga njia kwa mdomo wake. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kukomesha kudhalilishwa kwa wanawake wakati wa kujifungua, na katika miongozo yake ya mwaka 2018 likapendekeza huduma yenye heshima, na mama kuwa na mtu amtakaye karibu naye wakati wa uchungu. Bibi zetu waliozalishana vijijini huku wakisuguana migongo walilijua hilo bila karatasi.

Akina mama mnaonyonyesha mtakuwa mmeliona wenyewe. Siku ya ugomvi ndani ya nyumba maziwa hukataa kushuka, mtoto akalia, na mama akazidi kukasirika.

Nyumba tupu

Kuacha tu hakutoshi. Bwana Yesu alisimulia habari ya pepo aliyetoka katika nyumba, akarudi na kuikuta imefagiliwa, imepambwa na haina mtu, akaingia na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Nilipojaribu kunyamaza tu, ndivyo ilivyokuwa. Nilinyamaza siku tatu, ya nne nikalipuka.

Ikabidi niweke kitu mahali palipoachwa wazi. Nilianza na jina. Kabla ya kumwagiza mama yeyote jambo lolote, nilitazama kadi nikamwita kwa jina lake, nikasema pole. Hatulithamini neno letu hili pole. Mwanamke anayesikia jina lake na pole kabla ya "panda kitandani" hupanda kwa mwendo mwingine kabisa.

La pili lilikuwa sabuni. Muuguzi hunawa mikono mara nyingi sana kwa zamu, na kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Zamani sekunde zile nilizitumia kunung'unika. Nikazigeuza kuwa za sala fupi na swali moja: neno hili ningemwambia mke wa mkubwa? Nawe hukosi kunawa, iwe jikoni au baada ya kumtawaza mtoto.

Nyumbani palikuwa pagumu kuliko wodini. Dada wa kazi tulikuwa tukimwita "wewe" au "dada", na nakiri kwamba jina la ubini wake sikulijua. Nilimwita sebuleni, nikamketisha kitini mbele ya wanangu, nikamwomba radhi. Mila zetu hazimzoezi mkubwa kumwomba radhi mdogo, na yeye mwenyewe aliogopa akidhani ndiyo namna yangu ya kumfukuza. Mume wangu alinitazama, akaniuliza faraghani: "Mama, unaumwa?"

Niliteleza mara nyingi. Mwanangu mkubwa alipoleta matokeo mabaya nilimwambia maneno ambayo daftari linayo na ninyi sitawapa. Saa mbili baadaye nilimfuata alipokuwa akichunga kuku nikamwambia nimekosa. Alama zake hazikupanda kwa sababu hiyo, ila siku iliyofuata alinionyesha daftari lake la hisabati bila kuitwa.

Nisieleweke vibaya. Huruma si kunyamazia uovu. Mtoto akiiba aambiwe ameiba, na mkunga akimwona mama amepitiwa na hatari amwagize kwa sauti thabiti, maana kunong'ona hapo ni uzembe. Wala simwambii mwanamke anayepigwa na mumewe azidishe upole. Huyo nasema atafute msaada kwa ndugu, kanisani na polisi, tena mapema.

Na kanisani je? Katika kundi letu la akina mama nimesikia ndimi zilizo kali kuliko yangu ya wodini, zimefungwa vilemba vizuri. Binti wa kwaya akipata mimba, tunamtazama tumboni kabla ya machoni. Huwa namkumbuka Eli kuhani katika Samweli wa kwanza. Alimwona Hana midomo ikicheza na sauti haisikiki, akadhani amelewa, akamkemea ndani ya nyumba ya Mungu. Wengi humsema Eli kwa malezi ya wanawe, na ni haki. Lakini mimi napenda alivyofanya hapo. Hana alipomweleza uchungu wake kwa adabu, mzee yule hakujitetea na wala hakutafuta kosa lingine la kumwokoa uso. Aligeuza kauli pale pale, akamwombea, akamruhusu aende kwa amani. Yule aliyekuja kwa machozi akaondoka akala chakula.

Daftari la sasa ni la tisa au la kumi, sikuhesabu. Juma lililopita niliandika: saa nane usiku, sijala, nimemfoka binti wa uzazi wa kwanza aliyekuwa akishuka kitandani kila mara. Nilipata kikombe cha chai, nikanawa mikono, nikarudi kabla zamu haijaisha. Alikuwa amekwisha kujifungua na alikuwa ananyonyesha. Nikamwita kwa jina lake, nikamwomba anisamehe. Hakusema kitu. Alifunua tu pembe ya kanga ili nimwone mtoto.