Ridhaa Mbele ya Mwenyekiti

Mtafiti anayekwenda Msimbati, pwani ya Mtwara, kuuliza habari za uvuvi hafiki peke yake. Akishapata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua hupita mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji, na mara nyingi mtendaji au mwenyekiti ndiye humtembeza nyumba kwa nyumba. Utaratibu huo una maana yake, maana kijiji kina haki ya kujua nani ameingia. Lakini mvuvi anayeombwa ridhaa huku kiongozi wake amesimama ubavuni mwa mgeni, atajibu nini zaidi ya "karibuni"?

Pwani hii ina uzito wake wa pekee. Tangu mwaka 2000 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, na watu wanaishi humohumo. Swali jepesi la dodoso, "unavua kwa zana gani?", laweza kumfanya mtu akiri kosa: kokoro limepigwa marufuku, na baruti ni jela. Tena mvuvi atajuaje kama huyu mwenye karatasi katoka chuoni, hifadhini au kwenye kampuni ya gesi? Baada ya vurugu za mwaka 2013 mjini Mtwara za kupinga bomba la gesi, siwezi kuiita hofu hiyo ujinga.

Hapo ndipo fomu ya ridhaa inapogeuka. Imebuniwa kumlinda mhojiwa, kumbe dole gumba lake likishapigwa, yeye ndiye kaacha ushahidi. Kwa maswali ya namna hii ridhaa ya mdomo yafaa zaidi, na kamati za maadili huikubali ikielezwa sababu. Kubadili majina nako hakutoshi: andika "mjane mwenye mashua ya injini" na kijiji kizima kimeshamjua.

Ripoti ya Belmont ya Marekani kuhusu maadili ya utafiti, ya mwaka 1979, iliweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtendea wema, na haki. Huo wa tatu ndio hupuuzwa zaidi. Matokeo huandikwa kwa Kiingereza, na waliohojiwa hawayaoni tena.

Basi ukifuatwa na mtafiti, omba kuona kibali, omba mzungumze mkiwa wawili tu, na swali usilolitaka liache. Hudaiwi sababu.