Nafasi kati ya Vali na Pistoni

Likizo iliyopita nilishinda katika gereji ya yaya yangu, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mimi ninasoma lugha, yeye anafungua injini. Mezani palikuwa na injini ya Toyota aina ya 4A-GE: lita 1.6, silinda 4, vali 16. Mwenye gari alitaka iongezwe nguvu. Basi ikapewa kamshafti mpya zinazofungua vali zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na kichwa cha silinda kikapunguzwa kwa mashine ili mgandamizo upande. Gari lilitakiwa Jumamosi. Lakini yaya alikataa kufunga injini kabla ya kupima kitu kimoja.

Nilimwuliza sababu. "Mdogo wangu," akajibu, "mafahali wawili hawakai zizi moja."

Zizi ni sehemu ya juu ya silinda. Pistoni hupanda humo, na vali (sisi gerejini tunasema supape) hushuka humo humo. Kinachoziokoa ni zamu. Mwisho wa kutoa moshi, vali ya moshi inakaribia kufunga, ya hewa imeanza kufunguka, na pistoni inafika juu kabisa. Kwa kawaida vali ya moshi huikaribia pistoni zaidi kama digrii 10 za mzunguko wa krankshafti kabla ya pistoni kufika kileleni, na ya hewa kama digrii 10 baadaye. Kamshafti kali huacha vali zikiwa wazi zaidi katika dakika hiyo ya hatari, na kichwa kilichopunguzwa huzisogeza chini. Zikigusana na pistoni, vali hupinda na pistoni huharibika. Miaka michache nyuma, fundi mmoja aliwahi kumfungia yaya injini bila kupima. Ilidumu sekunde chache tu, na akiba yake ya miezi mingi ikaishia hapo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mashine ya bei. Tulichukua udongo laini wa rangi ambao watoto huchezea shuleni, tukaubandika juu ya pistoni, kwenye vishimo vinavyotazamana na vali. Tulipaka vali mafuta kidogo ili udongo usizigande. Kisha tukarudisha kichwa juu ya gasketi iliyokwisha kutumika, yenye unene sawa na ile itakayofungwa mwishoni, na kukaza boliti kwa kipimo chake. Tukapanga kamshafti na mkanda sawasawa na alama, kwa maana jino moja la mkanda likikosewa, kipimo chote ni uongo.

Halafu tulizungusha krankshafti kwa mkono, polepole, upande injini inakozungukia, mizunguko 2 kamili, kwa sababu kamshafti huzunguka mara 1 krankshafti inapozunguka mara 2. Ukihisi kitu kimekaza, simama, usilazimishe. Tulipofungua tena, vali zilikuwa zimeacha alama zao. Yaya aliukata udongo kwa wembe na kupima unene wake mahali palipokuwa pembamba kuliko pengine pote.

Mafundi wengi hutaka angalau milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi. Vali ya moshi hupewa zaidi kwa sababu hupata joto kali na kurefuka, na pia pistoni huifuata kwa nyuma ikipanda. Injini ikienda kasi mno na springi ikachelewa kuirudisha vali, pistoni itaikuta bado mlangoni.

Sisi tulipata 2.3 upande wa hewa, 1.7 upande wa moshi.

Mteja alipopigiwa simu alisema injini ikizunguka kwa mkono bila kugusa, inatosha. Yaya alimweleza kwamba mkono hauzungushi mara 7,000 kwa dakika. Gasketi nene ingeongeza nafasi, lakini ingerudisha chini mgandamizo ambao mteja ameulipia. Kuwahisha kamshafti ya moshi kungesaidia pia, ila kungebadilisha tabia ya injini. Yaya alipima kwanza unene wa kichwa cha pistoni, akaona unaruhusu, kisha akapeleka pistoni zote 4 zichongwe vishimo vya moshi milimita 1 zaidi. Tukarudia udongo upya: 2.7.

Gari lilitoka Jumanne, na mteja alikuwa amenuna. Injini iliwaka mara ya kwanza.

Darasani, tukichambua maana za maneno, tunasema nafasi ni mahali, na pia ni wakati: nipe nafasi nikae, sina nafasi leo. Nilidhani ni maana mbili. Gerejini niliona ni moja. Vali na pistoni hupita mahali pamoja, kila kimoja kwa wakati wake, na kinachobaki kati yao, kwa milimita au kwa digrii, fundi anakiita kwa neno hilo hilo.