Dirisha la Amri: Namna ya Kulichagua na Kulipanga

Katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, kazi nyingi hufanywa kwa kubonyeza picha zilizo kwenye kioo. Hata hivyo, ziko kazi ambazo hutimizwa upesi zaidi kwa kuandika amri kwa maneno. Amri hizo huandikwa ndani ya dirisha liitwalo teminali. Wengi huliogopa dirisha hilo. Wengine hulitumia vivi hivi jinsi walivyolikuta, wakayachosha macho yao bure.

Asili yake

Hapo zamani teminali haikuwa programu. Ilikuwa ni chombo chenye kioo na vibonye, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Chombo kilichovuma sana ni VT100, kilichotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Digital ya Marekani. Kioo chake kilionyesha mistari 24, na kila mstari ulikuwa na nafasi za herufi 80. Programu za leo huiga chombo hicho, na nyingi bado hufunguka kwa kipimo kile kile.

Linux yenyewe ina nasaba hiyo. Mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, aliandika programu ya kuiga teminali ili azifikie kompyuta za chuo kikuu akiwa nyumbani. Programu hiyo ilikua hata ikawa kiini cha mfumo mzima.

Kuchagua

Anayechagua hana budi kuanza na hali ya kompyuta yake. Kwa kompyuta kuukuu, xterm, iliyoanza mwaka 1984, yafaa kwa kuwa ni nyepesi. Ila mipangilio yake mingi huandikwa katika faili. Atakaye kupanga mambo kwa kubonyeza tu, Konsole, iliyo ya jamii ya KDE, itamridhisha. Alacritty na kitty hutumia kipande cha kompyuta kinachochora picha, hivyo huenda kasi. Lakini kipande hicho kikiwa dhaifu, faida hiyo hupungua.

Kupanga

Jambo la kwanza ni herufi. Zichaguliwe zile zenye upana mmoja, ambazo sifuri haifanani na herufi O, wala moja haifanani na l. Kosa la herufi moja laweza kuibadili amri nzima. Ukubwa wake uongezwe mpaka msomaji asilazimike kuinamia kioo. Kisha rangi: maandishi yatofautiane waziwazi na mandhari yake. Kadhalika, iongezwe idadi ya mistari inayohifadhiwa, ili majibu yaliyopita yaweze kurudiwa na kusomwa.

Mgeni akumbuke pia kwamba katika teminali vibonye vya Control na C havinakili maneno, bali huikatiza kazi inayoendelea. Katika Konsole, na katika nyingine nyingi, kunakili ni Control, Shift na C kwa pamoja.

Tahadhari

Faida kubwa ya kupanga rangi si urembo, bali ni usalama. Mtumiaji mmoja aweza kufungua madirisha mawili: moja la faili zake za kawaida, na jingine la msimamizi mkuu mwenye uwezo wa kufuta chochote. Madirisha hayo yakifanana, ni rahisi kuandika amri mahali pasipo pake. Na faili lililofutwa kwa amri ya rm haliendi katika kapu la takataka. Picha za watoto na barua za miaka mingi zaweza kupotea kwa nukta moja. Kwa hiyo dirisha la msimamizi lipewe rangi nyekundu. Konsole huruhusu kuweka mipangilio kadhaa, kila mmoja kwa rangi yake.

Rangi hiyo huwekwa mara moja tu, nayo humwonya mtumiaji kila siku. Tahadhari kabla ya hatari.