Je, Wajua? Mnyoo Unaweza Kuziba Kongosho

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, nalo humwaga juisi za kumeng'enya kupitia mrija mwembamba. Kukiwa na kizuizi, juisi hizo huweza kuanza kulishambulia kongosho lenyewe. Mgonjwa husikia maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, na hutapika.

Mara nyingi chanzo ni vijiwe vya nyongo au pombe. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ni rahisi kuilaumu pombe ya chang'aa na kuishia hapo. Lakini yuko mshukiwa mwingine: mnyoo wa tumbo, unaoweza kuzidi sentimita 20 na wenye tabia ya kupenyeza kichwa katika kila tundu. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta takriban watoto 4 kati ya 10 waliopimwa Kibera wana minyoo inayoenezwa kwa udongo. Wachache sana kati ya wenye minyoo hufikia hatua ya mnyoo kuziba mrija wa kongosho.

Damu ikipimwa huonyesha kimeng'enya cha lipasi kikiwa angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Haimtaji mkosaji; picha ya mawimbi ya sauti ndiyo huweza kumnasa, pengine akijinyonganyonga.

Tiba huanza kwa maji ya mishipani, dawa za maumivu na albendazoli. Mnyoo uking'ang'ania, hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni. Majuma kadhaa baadaye uvimbe wa majimaji unaweza kubaki kando ya kongosho. Usiposumbua, madaktari huuchunguza tu. Mwingi hunywea wenyewe.