Kipande cha Kioo Kinaweza Kukuokoa Baharini

Pemba yetu imezungukwa na bahari. Mashine ikizima au tanga likichanika, chombo huchukuliwa na mkondo. Ukipiga kelele, husikiki. Je, utaitaje msaada? Mchana unaweza kuita kwa mwanga wa jua, ukiwa na kioo cha kujitazamia.

Mwanga hurudi

Rusha mpira ukutani. Ukiurusha moja kwa moja, unarudi kwako. Ukiurusha kwa mshazari, unadunda na kwenda upande wa pili, kwa mshazari ule ule. Mwanga nao hufanya hivyo hivyo. Hata sauti hurudi: ndiyo mwangwi unaousikia ukiita kisimani.

Basi kwa nini kioo kinametameta, na ukuta wa chokaa haumetameti? Ukuta pia unarudisha mwanga, lakini una vishimo na vinundu vidogo vidogo. Mwanga hutawanyika huku na huku. Kioo ni laini, kwa hiyo mwanga wote unakwenda upande mmoja. Tazama maji: bahari ikitulia, unaiona sura yako. Upepo ukivuma, huioni tena.

Namna ya kuita

1. Shika kioo karibu na jicho, upande unaong'aa utazame mbele. Usilitazame jua.
2. Nyoosha mkono wa pili. Tenga vidole viwili kama panda ya manati. Kiweke chombo unachokiita katikati ya vidole.
3. Geuza kioo polepole mpaka mwanga upige kwenye vidole.
4. Sasa tikisa kioo kidogo kidogo. Wenye chombo kile wataona kitu kinametameta, hata wakiwa mbali sana.

Ni rahisi zaidi jua likiwa mbele yako au ubavuni.

Hatujaisahau meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikija Pemba. Kulipokucha, wengine walikuwa bado wanaelea juu ya magodoro, wakingoja kuonekana. Mtu ndani ya maji ni kitu kidogo. Mwanga unaometameta huonekana upesi kuliko kichwa cha mtu.

Huna kioo? Sidii mbovu au kifuniko cha kopo kinachong'aa kitafaa. Kifunge kwa kamba kisianguke. Usiku au penye mawingu mazito kioo hakisaidii, basi chukua na tochi. Na ujifunze kwanza nchi kavu: mwenzio asimame ng'ambo ya kiwanja, akwambie kama ameuona mwanga wako.