Hesabu Viti Kabla ya Fukwe

Kila Desemba magazeti na mitandao hujaa orodha za mahali pa kwenda mwaka unaofuata, na wasomaji huzipokea kama utabiri. Kwa anayefuatilia takwimu za utalii kama kazi, orodha hizo ni kutabiri mvua huku umeshalowa. Mahali panapotajwa humo, ndege zimeshapangwa, hoteli zimeshaezekwa, na bodi ya utalii ya nchi husika imeshawaalika waandishi wakalala bure.

Uzuri hausaidii kutabiri kwa sababu haubadiliki. Bahari ya Albania ilikuwa na rangi ileile mwaka 1985, nchi ikiwa imefungwa kwa kufuli. Mwaka 2019 Albania ilipokea wageni milioni 6 na ushee. Mwaka 2023 walivuka milioni 10. Wengi kati yao ni ndugu wa Waalbania kutoka Kosovo, hilo tukubali. Lakini ongezeko lina chanzo kinachoonekana: mashirika ya ndege za bei nafuu yaliufanya mji wa Tirana kuwa kituo chao, wakati Kroatia na Ugiriki zilizo karibu zikizidi kuwa ghali. Mtu wa Ulaya ya kati alilinganisha bei, akakata tiketi, na sifa za fukwe akazijua baadaye.

Kwa hiyo naanza na viti. Ratiba za ndege duniani hupangwa kwa misimu miwili, mmoja ukianza mwishoni mwa Machi na mwingine mwishoni mwa Oktoba, na njia mpya hutangazwa miezi kadhaa kabla. Chukua ndege moja ya kukodi yenye viti 180, inayotua mara moja kwa wiki kwa wiki 20. Hivyo ni viti 3,600. Kampuni ya utalii iliyoikodi imeshajifunga kulipa, ijae isijae. Itatangaza, itapunguza bei, itaunganisha na hoteli na chakula, mpaka viti vijae. Kiti kinatangulia, hamu inafuata.

Zanzibar ni ushahidi tosha. Mwaka 2020 dunia ilipojifungia, Tanzania ilifungua anga lake mapema, na kampuni za Ulaya Mashariki zilizokuwa na ndege zisizo na pa kwenda zikazielekeza Unguja. Mwaka ule visiwa vilipata wageni wapatao 260,000. Mwaka 2024 walipita 700,000. Papasi wa Nungwi, vijana wanaowafuata watalii ufukweni, waliozoea kusalimia kwa Kiitaliano sasa wanasalimia kwa Kipolandi. Ningekuwa na fedha za kuajiri wachambuzi, ningeanza na papasi: wanajua soko limehamia wapi kabla ripoti haijachapwa.

Wakati mwingine chanzo huwa mbali kabisa na utalii. Waulize watu kwa nini Malindi ya Kenya imejaa Waitaliano, wengi watakutajia bahari. Bahari iko pia Lamu na Tanga. Miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia satelaiti karibu na Ngomeni, mradi wa San Marco, na mwaka 1967 ikarusha satelaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Wahandisi walihitaji mahali pa kulala na kula. Waliokuja nyuma yao walikuta njia imeshachongwa.

Wengine hutegemea intaneti. Wanauchumi Hyunyoung Choi na Hal Varian wa Google walionyesha kwamba idadi ya watu wanaotafuta habari za Hong Kong mtandaoni husaidia kukadiria idadi ya wageni wake. Ni kazi nzuri, ila inafaa kwa mwezi huu, si kwa miaka mitano ijayo: anayetafuta hoteli ameshaamua safari. Matangazo ya viza nayo yasomwe mpaka mwisho. Kenya ilifuta viza kwa wote Januari 2024, na badala yake ikaweka kibali cha mtandaoni cha kulipia.

Chombo ninachokirudia zaidi ni cha zamani. Mwaka 1980 mwanajiografia Richard Butler alieleza kwamba eneo la utalii hupita hatua: wanaolivumbua ni wachache, wenyeji huanza kuwahudumia, kisha huja mtaji wa nje, mwishowe eneo hujaa na kuchakaa au kujizua upya. Kijijini Paje, Unguja, unaziona hatua hizo kwa macho. Wanawake walianza kulima mwani pale kwa ajili ya soko mwaka 1989. Baadaye wakaja wachezaji wa kaiti, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, wakifuata kaskazi na kusi, pepo zilezile za majahazi. Sasa nyumba za ghorofa zinauzwa kwa wageni hata kabla hazijakamilika, na maji yakipwa, mama wa mwani anafunga kamba zake akichunga kamba za kaiti zisimpitie kichwani. Ukiona hivyo, usitabiri Paje. Tabiri pale waliokimbia Paje wanapoelekea.

Mimi kura yangu naipa Hifadhi ya Mikumi. Mgeni aliyelala ufukweni Unguja anapanda ndege ndogo asubuhi, anatua uwanja wa Kikoboga ndani ya hifadhi, anaona tembo na simba, na jioni yuko tena hotelini. Kutoka Dar es Salaam nako, treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Morogoro tangu 2024, na barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi. Kilwa Kisiwani, pamoja na kasri la Husuni Kubwa na hadhi ya urithi wa dunia tangu 1981, naiacha nyuma kwa sasa, na inaniuma kusema hivyo. Magofu yake ni bora kuliko mengi yanayojaza watu Ulaya, lakini vitanda ni haba na ndege za ratiba hazijai hata vidole vya mkono. Siku shirika litakapotangaza safari za kutoka Unguja hadi Kilwa Masoko, hata mara tatu kwa wiki, nitaipandisha juu ya Mikumi.